Gauss, mutoto wa mufanya kazi aliyepita kalasi yake

Mu kila kampi ya wafanya kazi kuko mutoto mumoja mwenye anamaliza hesabu wakati wenzake wangali wanaandika namba ya kwanza. Mwalimu anamwambia anyamaze, angojee wengine. Akimaliza tena, mwalimu anamutuma kuchota maji. Ku nyumba wazazi wanafurahi, sababu anajua kurudisha makuta vizuri pa meza ya mama yake ku soko, na siku moja depo ya kununua mawe itamuita ahesabu mifuko. Na pale njo akili yake inaishia.

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama wa Lubudi, Fungurume na Kolwezi, leo tunawaelezea maisha ya mutoto wa namna ile. Alizaliwa mu nyumba ya mufanya kazi wa mikono, na mama ambaye hakujua kusoma. Alisoma mu kalasi ya watoto karibu mia moja. Kila mangaribi alikuwa na kazi ya kuingiza feza kidogo mu nyumba. Angeweza kupotea kabisa. Kama hakupotea, si akili yake tu njo ilimuokoa. Kuko watu waliofanya vitu fulani kwa wakati wake, na vile vitu tunaweza kuvihesabu ku vidole vya mukono mumoja. Yule mutoto aliitwa Carl Friedrich Gauss, na mpaka leo watu wa hesabu mu dunia yote wanamuita mwana wa mufalme wa hesabu, yeye ambaye baba yake hakukuwa hata na cheo kidogo.

Nyumba ya kazi

Gauss alizaliwa tarehe 30 mwezi wa 4, mwaka 1777, mu muji wa Braunschweig. Leo ni Ujerumani, lakini wakati ule Ujerumani haikuwa inchi moja. Kulikuwa vijinchi vingi, kila kimoja na mutawala wake. Braunschweig ilitawaliwa na mukubwa mwenye cheo kinachoitwa duc kwa kifaransa.

Baba yake, Gebhard Dietrich, alifanya kazi za kila namna: kuchinja nyama, kujenga kwa matofali, kutunza bustani. Na kuko kazi moja yenye sisi watu wa sendika tunapashwa kuiangalia vizuri: alishika hesabu ya sanduku moja ya kusaidiana ku kilio. Watu wadogo walitia feza zao mule kidogo kidogo, na mutu akikufa, jamaa wanapata kitu cha kumuzika. Walimupa ile kazi sababu alikuwa mutu mwaminifu, mwenye kujua kuandika na kuhesabu. Lakini ku nyumba alikuwa baba mukali. Kwake, mutoto mwanaume wa mufanya kazi anapashwa kuwa mufanya kazi.

Mama yake, Dorothea, alikuwa mutumishi wa nyumba mbele ya kuolewa. Hakukuwa na masomo, lakini alikuwa na akili safi. Hakuandika siku ambayo mutoto alizaliwa. Alikumbuka tu kama ilikuwa siku ya tatu, siku nane mbele ya sikukuu ya Kupaa kwa Bwana. Nyuma, wakati mutoto alikuwa mukubwa, alitengeneza hesabu yenye inaonyesha Pasaka inaanguka siku gani mu mwaka wowote. Aliitoa mu 1800. Kwa hesabu ile mutu anaweza kurudia 1777, akapata Pasaka, akapata Kupaa, akarudi nyuma siku nane: ni tarehe 30 mwezi wa 4. Namna ile, mutoto alijua siku yake ya kuzaliwa kupitia kichwa cha mama asiyejua kusoma, na kupitia kichwa chake mwenyewe.

Kulikuwa pia mujomba, Friedrich, mudogo wa mama, mufumaji wa nguo. Yeye pia alikuwa mutu mwenye akili bila masomo. Aliona mapema kama mutoto wa dada yake si wa kawaida, na alizungumza naye sana.

Gauss mwenyewe, wakati alikuwa muzee, alipenda kueleza kama alijua kuhesabu mbele ya kujua kusema. Siku moja baba yake alikuwa analipa watu wa kazi waliokuwa chini yake. Mutoto, wa miaka tatu hivi, alisikiliza na akasema hesabu iko mubaya, akatoa namba ingine. Walihesabu tena, na wakakuta mutoto alikuwa na haki. Kila mutu aliyesimama mbele ya giche siku ya mushahara anaweza kuelewa kama ile si kitu kidogo.

Kalasi ya watoto mia moja

Alipokuwa na miaka 7, walimuingiza ku masomo ya musingi mu muji. Mwalimu aliitwa Büttner. Kalasi ilikuwa chumba kimoja chenye dari ya chini, na watoto karibu mia moja ndani, na Büttner alitembea kati yao na fimbo mu mukono. Wazazi wa kwetu wanajua kalasi za namna ile. Tangu masomo ya musingi yalifanywa ya bure mu 2019, watoto waliingia kwa wingi, na ile ni jambo nzuri, lakini mwalimu mumoja mbele ya watoto wengi namna ile hawezi kujua nani anateswa na hesabu na nani anachoka kungoja.

Gauss alipofika ku kalasi ya hesabu, alikuwa na miaka 9 hivi. Siku moja Büttner aliwapa kazi ya kujumulisha namba nyingi zinazofuatana. Watu wengi wanaieleza kama zilikuwa namba zote kutoka 1 mpaka 100, na sisi pia tutumie ile. Kawaida ilikuwa hivi: anayemaliza wa kwanza anaweka kibao chake pa meza, wa pili anaweka chake juu yake, na kuendelea. Mwalimu alihesabu kama atapata kupumuzika saa muzima. Lakini hakukalia hata muda kidogo, mutoto wa Gebhard alikuwa amekwisha kuweka kibao chake pa meza. Akarudi kukaa, mikono imekunjwa, wakati wengine wanaandika na kufuta. Mwisho wa saa, kibao chake kilikuwa chini kabisa. Kilikuwa na namba moja tu, na ilikuwa sawa. Wengi wa wengine walikuwa wamekosa, na walipigwa.

Alifanya namna gani? Hakujumulisha moja na mbili, kiisha tatu, kiisha ine. Aliangalia mustari wote kwanza. Namba ya kwanza na ya mwisho, 1 na 100, zinafanya 101. Ya pili na ile ya mbele ya mwisho, 2 na 99, zinafanya 101. 3 na 98, tena 101. Zinakwenda mbili mbili mpaka katikati, na kuko jozi 50. Basi ni 50 mara 101: 5050. Jaribuni na mutoto wenu leo mangaribi kwa 1 mpaka 20. Musimuonyeshe njia. Kama atafika ku 210 kwa kuhesabu vidole, ni vizuri. Kama atapata yeye mwenyewe kwamba ni jozi 10 za 21, muangalie ule mutoto kwa macho mapya.

Mwalimu aliyekubali mwisho wake

Hapa njo maisha ya Gauss yalikata njia. Büttner angeweza kukasirika. Mutoto anayemaliza mbele ya wengine anasumbua kalasi, na walimu wengine wanafikiri anawazarau. Angeweza pia kumupa namba zingine mia moja, na zingine mia moja tena, ili akae kimya. Ile njo kosa lenye linafanyika sana: mutoto mwenye mbio anapewa kazi nyingi ya namna moja, kama mutu anayemaliza kupakia wagoni yake na kapita anamwambia apakie na ya mwenzake. Kisha siku chache ule mutoto anajifunza kitu kimoja tu: kufanya polepole.

Büttner, pamoja na fimbo yake, alifanya ingine. Aliagiza kutoka Hamburg buku ya hesabu yenye ilikuwa juu zaidi ya zile za kalasi, akamupa. Mutoto aliimaliza. Pale mwalimu alisema wazi kama hakukuwa tena na kitu cha kumufundisha. Kusema vile kunaomba moyo. Mwalimu hakupoteza heshima yake kwa neno lile. Njo sababu gani tunaandika jina lake leo.

Büttner alikuwa na musaidizi kijana, Martin Bartels, wa miaka 17 ao 18, mutoto wa fundi wa vyombo vya bati. Kazi yake ilikuwa kuchonga kalamu za watoto na kuwaonyesha kuandika. Lakini yeye pia alipenda hesabu sana. Wakaanza kukaa wawili, mukubwa na mudogo, na kusoma mabuku pamoja. Wakaingia mu aljebra. Mutoto akaanza kuuliza kama kanuni zenye zilikuwa mu mabuku zinaonyeshwa kweli, ao watu wanazikubali tu sababu zimeandikwa. Bartels hakukuwa profesere. Alikuwa tu mutu mwenye kutangulia kidogo na mwenye kupenda kitu kile kile. Na ile ilitosha. Nyuma Bartels mwenyewe alikuwa profesere ku Kazan, mu Urusi, na kule alimufundisha Lobachevsky, mumoja wa wakubwa wa hesabu. Mutu aliyejua kukaa na mutoto mumoja alijua pia kukaa na wengine.

Kazi ya mangaribi

Lakini buku ilikuwa inasomwa saa gani? Kila mangaribi, Gauss alipashwa kusokota nyuzi za kitani ku nyumba, juu ya kuongeza feza ya chakula. Baba hakukuwa mutu mubaya. Alijua tu bei ya mukate. Hapa kwetu watoto hawasokoti nyuzi. Wanapepeta mawe, wanayasafisha mu mito, wanabeba mifuko. Jina la kazi linabadilika, lakini hesabu ya baba na mama ni ile ile: ile feza ya mangaribi ikipotea, nani atairudisha?

Ile njo ulizo lenye baba yake aliuliza wakati walimu walizungumza naye. Hawakumufundisha baba juu ya uzuri wa masomo. Walimwambia kama watatafuta watu wakubwa wenye kuweza kulipia mutoto. Kwa ahadi ile, baba alikubali mutoto aache kusokota mangaribi, na asome. Tunaomba wazazi na walimu waone ile vizuri: mutoto hakupandishwa juu kwanza, alifunguliwa mikono kwanza.

Mu 1788, na miaka 11, Gauss aliingia ku masomo ya sekondari. Alijifunza kilatini, na kijerumani cha mu mabuku, sababu ku nyumba walisema luga ya kijiji. Alisonga mbele haraka mu luga na mu hesabu, sehemu kubwa kwa kusoma yeye mwenyewe. Profesere mumoja wa muji, Zimmermann, alimujua, akazungumzia jina lake ku nyumba ya mutawala. Mu 1791 walimupeleka mbele ya duc Carl Wilhelm Ferdinand. Alikuwa na miaka 14.

Duc akakubali kumulipia. Toka 1792 Gauss alikuwa na burse, ni kusema feza ya kumulipia masomo na maisha. Kwa burse ile alisoma ku Collegium Carolinum ya Braunschweig mpaka 1795, kiisha ku inivesite ya Göttingen mpaka 1798. Na duc hakukata burse wakati mutoto alipata diploma. Aliendelea kumusaidia miaka mingi, mpaka yeye mwenyewe alipokufa mu 1806 kwa vidonda vya vita, alipopigana na jeshi la Napoleon. Feza ile haikukuwa ya sherehe ya siku moja, na picha, na mukono wa kushikana. Ilikuwa feza ya kila mwaka.

Matunda

Watu wengine wanasema: mutoto anayesukumwa mbele haraka ataanguka haraka. Tuangalie basi vile ilikuwa kwa yeye.

Tarehe 30 mwezi wa 3, mwaka 1796, alikuwa bado hajafikisha miaka 19. Alikuwa anasita kama atafuata luga za zamani ao hesabu. Siku ile aliona kama mutu anaweza, kwa rula bila namba na kompa tu, kugawanya duara mu vipande 17 vyenye kulingana. Wagiriki wa zamani walijua kufanya 3, 5, 15, na zile zenye zinatoka mule kwa kukata mbili mbili. Kwa 17, hakuna mutu aliyefanya mu miaka 2000. Tangu siku ile hakusita tena. Alifungua daftari ndogo na kuandika mule kila kitu kipya alichokipata.

Mu 1799 alipata udaktari ku Helmstedt. Mu 1801, na miaka 24, alitoa buku juu ya namba, yenye watu wa hesabu wangali wanaitumia kama musingi, na aliitoa kwa heshima ya duc aliyemulipia.

Mwaka ule ule jina lake lilijulikana fasi yote kwa sababu ingine. Tarehe 1 mwezi wa 1, 1801, Piazzi, padri wa Italia mwenye kuangalia nyota ku Palermo, aliona nyota ndogo inayotembea. Aliifuata siku 40 hivi, kiisha ikapotea karibu na jua. Waliita ile nyota Ceres. Wakubwa wote walitaka kujua itatokea wapi tena, lakini mapimo yalikuwa machache sana. Gauss aliyatwaa yale machache, akahesabu njia yote, na kuonyesha fasi ya kuangalia. Mwisho wa mwaka, waliiona karibu na pale alipoonyesha.

Mule kulikuwa na ufundi wenye topografi wa mine zetu anautumia kila siku, hata kama hajui umetoka kwa nani. Ukipima kitu kimoja mara nyingi, mapimo hayapatani kabisa. Utaamini gani? Gauss alionyesha namna ya kuyapatanisha ili kosa lipunguke mpaka mwisho. Mufaransa Legendre alitangulia kuitoa mu buku mu 1805. Gauss alitoa yake mu 1809.

Mu 1807 alikuwa direkteri wa nyumba ya kuangalia nyota ya Göttingen, na alikaa na kazi ile mpaka kufa. Kutoka 1818 alipewa kazi ya kupima inchi ya Hannover. Hakukaa mu biro. Alitembea mu pori na mu milima wakati wa joto, na akatengeneza chombo chenye kioo kinachorusha mwangaza wa jua mpaka mbali sana, ili mupimaji wa upande wa pili auone. Kutoka kazi ile alipata namna ya kulaza udongo wa mviringo juu ya karatasi bila kuharibu pembe. Na ile imefika mpaka hapa: mu mapimo ya zamani ya kwetu, ya 1955, vipande vya ramani vinaitwa Katanga Gauss, zone A, B, C na D. Jina la mutoto aliyesokota nyuzi liko ku karatasi za udongo wetu.

Mu 1833, pamoja na mwenzake Weber, alipitisha waya juu ya nyumba za muji, zaidi ya kilometre moja, na wakatumiana habari kwa umeme. Watu waliona ile kama muchezo wa wenye elimu. Leo dunia yote inatafuta shaba ya Lualaba juu ya kupitisha umeme mu waya.

Mutoto wa muke pia

Kuko habari moja ya kuelezea wababa wenye watoto wanamuke. Ku Paris aliishi muke mumoja, Sophie Germain, aliyezaliwa mu 1776. Alipokuwa kijana, wazazi wake walimukatalia kusoma hesabu usiku, wakamunyang'anya mishumaa. Alisoma kwa kujificha. Mu 1804 alianza kumuandikia Gauss juu ya buku yake, lakini alitia jina la mwanaume, LeBlanc, sababu aliogopa hatamujibu. Wafaransa walipoingia Braunschweig mu 1806, alimuomba generali mumoja aliyejuana na jamaa yake aangalie kama Gauss yuko muzima. Namna ile njo Gauss alijua mu 1807 kama LeBlanc ni muke. Hakukasirika. Alimuandikia kwa heshima kubwa, na alisema kama muke anayepita magumu yote yale na kufika pale, ana moyo na akili zaidi ya wengine.

Mine zetu zinaomba wahesabu, watopografi, wanajeolojia. Nyumba yenye iko na mutoto muke anayejua hesabu na inamupeleka kuuzisha maji ku barabara, inatupa madini yake yenyewe.

Upande wake muzito

Hatutaki kumufanya mutakatifu. Aliona mateso: muke wake wa kwanza, Johanna, alikufa mu 1809, na mutoto mudogo akafuata. Muke wa pili, Minna, alikufa mu 1831. Na kwa watoto wake wanaume alikuwa mukali kama baba yake alivyokuwa kwake. Mumoja, Eugen, aligombana naye, akaenda Marekani, na mudogo wake Wilhelm akamufuata nyuma. Kuwa na kichwa kikubwa hakumufundishi mutu kuwa baba. Tunasema ile juu ya wazazi wengine ambao, wakigundua mutoto anajua hesabu, wanamufanya kitu cha kuonyesha wageni, wanamunyima kucheza, wanamupiga akikosa. Bartels hakumupiga Gauss. Alikaa naye.

Mama yake hakumusahau. Dorothea alikuja kuishi naye ku Göttingen mu 1817. Mu miaka ya mwisho alikuwa kipofu, na mutoto alimutunza mpaka alipokufa mu 1839, amepita miaka 90.

Na mu uzee wake alirudi, bila kusema, ku kazi ya baba yake. Inivesite ilikuwa na sanduku ya kusaidia wajane wa maprofesere, na waliogopa kama haitaweza kulipa wajane wote. Kutoka 1845 mpaka 1851 Gauss alifanya ile hesabu: watu wangapi wanatia feza, wanaishi miaka ngapi, wajane wanabaki miaka ngapi, na feza itaenea ao haitaenea. Ile njo hesabu ya pansheni. Baba alihesabu makuta ya kilio mu sanduku ya watu wadogo. Mutoto alihesabu chakula cha wajane. Wandugu, mufanya kazi wa mine akikufa na mujane wake anakwenda giche kwa giche, si feza tu njo inakosekana. Mara mingi ku meza ya mazungumuzo, upande wetu hakuna mutu mwenye kujua kusoma hesabu ya mwajiri.

Gauss alikufa tarehe 23 mwezi wa 2, 1855. Nyuma Ujerumani waliweka uso wake ku noti ya mark 10.

Tunachukua nini

Tuhesabu vile vidole. Kidole cha kwanza, mutu wa kuona: mama, mujomba, mwalimu. Cha pili, mwalimu mwenye kukubali kama mutoto amepita kalasi yake, na kumutafutia buku ya juu pasipo kumuongezea kazi ile ile. Cha tatu, mwenzake wa kusoma naye. Mutoto anayerukishwa kalasi na kuachwa peke yake kati ya wakubwa anaweza kuchoka ao kuonewa. Hata pasipo kurukishwa, anaweza kubaki na marafiki zake na kusoma hesabu ya kalasi ya mbele saa mbili tatu kwa juma na mwanafunzi wa sekondari. Cha ine, mangaribi ya bure. Cha tano, feza isiyokatika mu njia.

Vidole vine vya kwanza havilipishi kampani hata franka moja. Viko mu mikono ya wazazi na walimu. Kidole cha tano ni cha kuzungumuza. Masomo ya musingi ni ya bure, lakini mutoto akipita mutihani wa mwisho wa musingi, sekondari inalipwa, na pale njo wengi wanashuka mu mashimo. Duc hatuna. Lakini sheria ya mine ya 2018 inaomba kampani zitoe 0,3% ya feza zote za mauzo juu ya maendeleo ya watu wa fasi ile, na wakaaji wako na watu wao pa meza yenye inaamua miradi. Wakati wanaandika vituo vya maji na barabara, waandike pia burse za watoto wa hesabu, za miaka sita, hapana za mwaka mumoja. Na wakati madelege wanazungumuza mapatano ya kazi, waweke jambo lile ku liste, karibu na dawa na nyumba.

Mwalimu mwenye kusoma habari hii, mu Lubudi ao mu kijiji chochote cha njia ya reli: yule mutoto mwenye unamutuma kuchota maji akimaliza hesabu, kesho umuache akae. Umupe buku ya kalasi ya mbele. Kiisha mangaribi uende kuzungumza na baba yake.